Sote tu wakosaji, lakini anayepiga magoti ni mmoja

Baada ya matangazo mchungaji alilitaja jina la binti, naye akainuka kutoka benchi la nyuma kabisa, lile la akina mama wenye watoto wachanga. Zamani alikuwa anakaa mbele, upande wa kwaya, sauti ya kwanza. Mtoto alimwachia mama yake mdogo. Akapita katikati ya kanisa lote, kitenge kipya, kitambaa cheupe kichwani, akapiga magoti mbele ya madhabahu. Akaulizwa maswali ya toba, akayajibu kwa sauti ambayo nadhani iliishia kwenye benchi letu sisi wazee. Tukaimba. Akina mama wakapiga vigelegele. Amerudi kundini.

Baba wa yule mtoto yuko mkoa mwingine. Nasikia anapiga kinanda kanisani huko.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo tulikuwa na baraza la wazee. Ilipofika ajenda ya mabati, mama mmoja, mzee wa kanisa mwenzetu na nesi mstaafu, aliuliza swali fupi: fedha za mnada wa mavuno na za bahasha za ahadi zimenunua mabati mangapi, na risiti ziko wapi? Kimya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akatazama simu yake. Huyu ni mtu mzito pale kwetu. Msiba ukitokea gari ni lake, na sidhani kama kuna mjumbe wa baraza ambaye hajawahi kupita nyumbani kwake jioni akiwa na shida.

Ndipo mmoja wetu akakohoa, akasema kwa upole kabisa: "Wapendwa, sisi sote tu wakosaji. Bwana alisema tusihukumu. Tuombeane."

Tukaombeana. Tukafunga kikao, tukanywa chai.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili halijanitoka. Andiko la kutohukumu tunalo, tunalijua kwa moyo. Jumapili lilikuwa wapi?

Mstari wa kwanza na wa tano

Sitawachosha na Mathayo 7, kila mmoja wetu amehubiriwa boriti na kibanzi tangu Sunday School. Nitasema tu nilichokiona nilipoirudia usiku ule. Watu wanaoitumia kufunga mjadala huishia mstari wa kwanza: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Wachache hufika wa tano: "Mnafiki wewe, itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako."

Kibanzi bado kinatakiwa kutoka. Yesu hakumwambia mwenye boriti aende zake amwache mwenzake na jicho linalouma. Amempa kazi mbili, na ya kwanza ni maandalizi ya ya pili.

Hapo nilidhani nimepata makala yangu. Nilianza kuandika kwa hasira, kurasa mbili, nikipendekeza kwamba mambo ya watu kusimamishwa mbele ya usharika yafutwe. Yanawaangukia wasichana na maskini, yanawaruka wenye magari. Basi yaondoke, tubaki na neema. Yalikuwa maandishi mazuri, kusema kweli. Yangepata sifa.

Halafu nikaona si haki kuandika habari za mtu bila kumsikia. Nikamtafuta binti mwenyewe, nyumbani kwa mama yake mdogo, na nimepata ruhusa yake kuyaandika haya.

"Mngekuja mapema"

Alinisalimu, akaniletea kiti, akakaa kwenye mkeka akinyonyesha. Nikamwambia nimekuja kumpa pole kwa yale ya Jumapili, kwamba mimi naona alionewa.

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Baba, mimi ndiye niliyeomba. Nilichoka kukaa nje ya meza ya Bwana. Kila wakishiriki mimi nabaki kwenye benchi na watoto. Nilitaka kurudi."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nikauliza kama basi hana kinyongo na lolote. Akanyamaza kidogo, akamhamisha mtoto upande wa pili.

"Kinyongo ninacho, lakini siyo cha Jumapili. Mlikuwa mnajua. Kwaya nzima ilikuwa inajua natembea na yule kaka. Mama mmoja alikuwa anatuona pale stendi kila Ijumaa. Hakuna aliyekuja kuniambia, hata mmoja. Mlisubiri tumbo. Lilipoonekana, wote mkawa na la kusema. Mngekuja mapema."

Niliagana naye nikaenda. Makala yangu ya kurasa mbili sikuifungua tena.

Kwa maana alikuwa ameninyang'anya pande zote mbili za hoja. Mimi nilidhani ubaya uko kwenye kukemea. Yeye, aliyekemewa, anasema tumekemea kidogo mno, tena tumechelewa. Tulimwachia kwa muda wote ambao neno la mtu mmoja lingemsaidia, tukaanza kusema siku ambayo neno halina kazi tena isipokuwa kumwaibisha.

Utaratibu upo, na ni wa zamani kuliko katiba ya usharika wowote. Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie kanisa. Ngazi tatu. Sisi tumeipanda kuanzia juu. Jambo linaanzia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, linapita kwa wawili watatu wanaojifanya wanaombea, na mwenyewe anakuwa wa mwisho kuambiwa.

Na kwa nini ngazi ya kwanza tunaikwepa? Nimejiuliza sana. Kusimama mbele ya kanisa zima na kusoma jina kwenye karatasi hakumgharimu msomaji chochote. Ana joho, ana kitabu, ana utaratibu nyuma yake. Kwenda peke yako kwa mtu, jioni, ukakaa kwenye kiti chake na kumwambia usoni, hapo huna joho. Anaweza kukuuliza na wewe je. Na mara nyingi ana la kuuliza.

Babu na wenzake wa Uamsho

Upande wa mama yangu ni watu wa Kagera, na babu alikuwa ndugu wa Uamsho, lile vuguvugu la Wakristo la toba na wokovu la Afrika Mashariki. Wasomaji wa huku ziwani mnawajua. Kwa wale ambao mmekuta habari hizi zimebaki kwa wazee tu: mambo yale yalitokea Gahini, Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930, baada ya daktari mmishonari Joe Church na Simeon Nsibambi kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Yakavuka mipaka, yakaingia Kilutheri na Kianglikana, yakafika Bukoba, yakafika Kenya. Josiah Kibira, yule wa Bukoba aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa Uamsho huo huo.

Walichokuwa nacho, na ambacho sisi hatuna, ni kutaja.

Babu hakusali "utusamehe makosa yetu" akaishia hapo. Alisimama kwenye ushirika wao akasema ameiba siku ya kazi ya mtu, au amemficha mkewe fedha za kahawa, akataja ni za msimu gani. Na kama alikuwa na jambo na ndugu, alikwenda kwake alfajiri, kabla ya shamba, akamwambia: "Ndugu, sina amani na wewe." Kisha anaanza na yake. Nilikuwa mtoto, nilimwona akifanya hivyo kwa jirani ambaye mpaka wa shamba lake ulikuwa unasogea kila mwaka. Alianza kwa kumwambia kwamba amemchukia na amemsema vibaya kilabuni, mbele ya watu gani. Baada ya hapo ndipo akasema habari za mpaka. Jirani hakuurudisha mpaka siku ile. Lakini hakuweza kumwambia babu kwamba anajifanya mtakatifu.

Niseme pia ubaya wao, maana bibi aliusema kila siku. Kutubu kwao kuligeuka kuwa rungu. Mtu anasimama anasema, "Namshukuru Mungu amenionyesha dhambi yangu, nimemchukia ndugu fulani kwa sababu ya ulevi wake na wanawake zake." Ametubu nini hapo? Ameanika mwenzake, na amepata makofi ya mtu mnyenyekevu. Bibi akisikia ushuhuda wa namna hiyo alikuwa anatoka nje kuangalia mboga.

Kwa hiyo kutaja dhambi yako hakutoshi. Kuna kutaja kunakomsafishia njia mwenzako aseme, na kuna kutaja kunakomfunga mikono. Tofauti yake anaijua anayeambiwa, tena mara moja.

Mukono, 1941

Mfano unaonisumbua zaidi kwenye historia yao ni wa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, Uganda. Wanafunzi wa Uamsho walikuwa wanaamka usiku wa manane kuelekea alfajiri, wanasali, wanahubiri dhambi pale pale chuoni, wanawaambia wenzao na walimu wao kwamba hawajaokoka na kwamba mafundisho yamelegea. Uongozi ukawakataza. Wakakataa kutii. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao.

Nimewageuza kichwani mara nyingi hawa vijana. Siku nyingine nawaona wana kiburi: mwanafunzi anamwamsha mwalimu wake usingizini kumwambia yu gizani. Siku nyingine nawaona ndio watu pekee chuoni waliomchukulia mwenzao kwa uzito. Nagenda hakuwekewa mikono, lakini alihubiri nchi nyingi kama mlei, na waliomsikia hawakumkumbuka kama mtu mkali. Uongozi nao ulikuwa na hoja: huwezi kuendesha chuo ambacho kila asubuhi nusu ya watu wanahukumiwa na nusu nyingine.

Ila tazama jambo moja. Kila upande uliona kiburi kwa mwenzake. Neno "unyenyekevu" lilikuwa kinywani mwa wote. Mkubwa akilitaja huwa ana maana ya "tii". Mdogo akilitaja huwa ana maana ya "kubali umekosea". Hapo halina msaada kwa yeyote.

Na Uamsho wenyewe baadaye uligawanyika kwa sababu za aina hiyo hiyo. Uganda walitokea Abazukufu, waliojiona wameamka upya, wakawaona ndugu zao wa zamani wamepoa; Kenya nako wakawa na watu wa Kufufuka. Watu waliojifunza kuvunjika mbele ya msalaba wakaishia kuhesabiana nani amevunjika zaidi. Hii inanitisha kuliko ya mwenyekiti wetu na mabati yake, maana mwenyekiti hajifanyi.

Paulo hakusema "sote"

Nikarudi kwa Paulo kwa sababu yeye amefanya yote mawili bila aibu.

Kwa Timotheo anajiita wa kwanza wa wenye dhambi. Watu tunaipenda sehemu hiyo, tunaikariri kama maneno ya adabu. Lakini mistari miwili nyuma amekwisha kusema ni dhambi gani: mtukanaji, mwenye kuudhi watu, mwenye jeuri. Alikuwa anafunga watu. Yapo majina na nyumba nyuma ya maneno yale.

Huyo huyo, kwa Wagalatia, anaeleza jinsi Kefa, yaani Petro, alivyofika Antiokia na kuanza kujitenga na wasio Wayahudi walipofika watu waliotoka kwa Yakobo. "Nalishindana naye uso kwa uso," anasema, "kwa sababu alistahili hukumu." Mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa nalo lilifanyika mezani mbele ya watu wote, na wengine walikuwa wanalifuata. Anayekemea ni mtu aliyewahi kuwatesa Wakristo. Anayekemewa alitembea na Bwana mwenyewe. Kwa hesabu ya boriti na kibanzi kama tunavyoihesabu barazani kwetu, Paulo alitakiwa kunyamaza hadi kufa.

Hakunyamaza, na katika barua hiyo hiyo anaandika kwamba mtu akighafilika katika kosa, arejezwe "kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kilichoharibika kwenye sentensi ya mzee mwenzetu. "Sisi sote tu wakosaji" ni kweli tupu, Paulo angeitia sahihi. Lakini ilisemwa na mtu ambaye hakutaja hata kosa lake moja, ili kumkinga mtu ambaye hakujibu hata swali moja. Dhambi ya wote haina mwenyewe. Mtu akisema "sote" hajapoteza kitu, hadaiwi risiti.

Na tuwe wakweli kuhusu nani anapewa maneno hayo. Sijawahi, katika maisha yangu yote ya kanisa, kusikia "tusihukumu, sote tu wakosaji" ikisemwa kwa ajili ya msichana mwenye mimba. Ipo kwa ajili ya wachangiaji wakubwa. Ipo kwa ajili ya mchungaji. Barua ile ile ya Timotheo inasema mzee asishtakiwe ila kwa mashahidi wawili au watatu, tunaikumbuka vizuri sana sehemu hiyo. Mstari unaofuata unasema wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, na huo sijausikia ukisomwa barazani.

Ukitaka kujua unyenyekevu wangu ni wa kweli au ni woga, angalia nawanyamazia akina nani.

Barua ya Februari

Ninapofika hapa kuna sauti inaniambia: wewe unataka tu ruhusa ya kuwapiga wakubwa. Inawezekana. Wapo wanaofurahia kumkemea mkubwa kuliko wanavyofurahia ukweli wenyewe, na mitandao imewazalisha wengi.

Namfikiria Janani Luwum. Naye alikuwa mtu wa Uamsho, aliokoka mwaka 1948. Februari 1977 akiwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, askari walivamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Tarehe 10 mwezi huo yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua. Ni barua ya heshima. Wanajieleza, wanataja yaliyofanyika, wanaeleza hofu ya watu, mauaji, vyombo vya usalama vilivyogeuka kuwa tishio. Hawamtukani. Tarehe 16 Luwum aliuawa, serikali ikatangaza ajali ya gari.

Askofu mwenzake Festo Kivengere alikimbia nchi, na baadaye akaandika kwamba anampenda Amin. Watu wengi walikasirika, na mimi nilipoyasoma mara ya kwanza nilikasirika pia. Niliona ni kulainisha. Lakini Kivengere hakuwahi kuyafuta yale ya barua, wala kusema kwamba sote tu wakosaji hivyo tumwachie. Aliyaita mauaji kuwa mauaji, na chuki yake mwenyewe akaiita dhambi, akaitubia. Yote mawili yamekaa kwa mtu mmoja. Nakiri sijui mtu anafikaje hapo. Ninachoona ni kwamba haikuwa nusu kwa nusu, ukali kidogo na upole kidogo. Ilikuwa yote na yote.

Pasipo muda wa kusubiri

Kabla sijaendelea na mabati, jambo moja kwa wazee wa kanisa wenzangu, nalisema haraka maana halihitaji falsafa. Kama mtu anaumizwa leo, mke anapigwa, mtoto anachezewa, ngazi ya "wewe na yeye peke yenu" haipo. Hiyo ni ya ndugu aliyekukosa wewe. Usiende kujichunguza boriti wakati mtoto yuko ndani ya nyumba ile. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto lipo, kajichunguze kwenye foleni. Nimeona mambo ya aina hii yakiwekwa kwenye maombi ya mfungo, na anayefunga ni mama wa mtoto.

Kiti cha plastiki

Nesi wetu mstaafu hakuridhika na chai ya Jumanne ile. Nami sikujua alichofanya mpaka aliponieleza wiki mbili baadaye, tukitoka kwenye ibada ya jumuiya.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa ujenzi peke yake, siku ya kazi, saa moja jioni. Akakaribishwa kiti cha plastiki barazani. Akakataa soda. Akasema, kwa jinsi alivyonisimulia mwenyewe:

"Kaka, nimekuja kwa mambo mawili, la kwanza ni langu. Mwaka ule mwanangu wa mwisho alipokosa ada wewe ulinilipia muhula mzima. Tangu hapo nakuogopa. Kwenye vikao viwili kabla ya kile cha Jumanne nilikuwa na maswali ya hesabu, nikanyamaza, nikajiambia ni kwa sababu ya heshima. Haikuwa heshima. Nilikuwa nakulipa. Nimelipa kwa fedha ya kanisa. Naomba unisamehe, na nimeshamwomba Mungu."

Mwenyekiti akacheka, akasema dada, hayo nayo ni ya kuombea msamaha?

"La pili ni mabati."

Kicheko kikaisha. Akamwambia alichokiona kwenye daftari, tarehe na kiasi, na kwamba hajamwambia mtu mwingine kitu kipya zaidi ya lile swali la barazani. Akamwomba alete risiti, au aseme hazipo.

Alikasirika. Alisema mengi, mengine ya kuumiza, likiwemo la ada. Mama akanyanyuka akaaga. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alimtuma kijana na mfuko wa nailoni wenye karatasi. Mama alizipanga usiku mezani. Nyingi zina mhuri wa duka la vifaa, saruji na nondo zimekaa sawa. Za mabati hazifiki.

Nilimuuliza kwa nini alianza na habari ya ada, mbona alimpa silaha. Nilitaka kuelewa, kwa sababu ndicho kile kile alichofanya babu na mpaka wa shamba, na mama huyu hana asili ya Uamsho hata kidogo, ni mtu wa Njombe.

"Angeitumia tu," alisema. "Nisingeisema mimi, angeisema yeye, nami ningenyamaza palepale. Sasa ameisema, nikamwambia ndiyo, nimeshaisema. Tukaendelea."

Na hapo nikaelewa kitu ambacho mahubiri yote ya boriti hayakunipa. Nilikuwa nadhani kutoa boriti ni kujitakasa kwanza ili upate sifa ya kukemea. Kumbe kwake yeye ilikuwa ni kuondoa kile ambacho kingemfumba macho na mdomo akiwa pale kwenye kiti. Hakupata haki ya kusema kwa kuwa mwema. Alipata uwezo wa kusema kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kumnunua.

Ngazi ya pili

Mwenyekiti hakusikia, au amesikia nusu. Kwa hiyo tunakwenda tena, safari hii na mmoja au wawili. Mama ameniomba niwe mmoja, nimekubali. Wa tatu ni yule yule mzee aliyesema tusihukumu. Hilo lilikuwa wazo la mama, nami nililipinga, nikashindwa. Anasema ndiye anayempenda mwenyekiti kuliko sisi, na mtu anayependwa anasikia.

Nimempitia binti wiki hii kumwonyesha makala haya kabla sijayatoa. Alisoma polepole, akarudia sehemu yake mara mbili, akasahihisha jambo moja: ilikuwa Alhamisi pale stendi, siyo Ijumaa. Nimeiacha kama alivyosema kwanza kwa sababu yule mama wa stendi atajijua.

Kisha akauliza.

"Na huyo mwenyekiti, baba, naye atasimama mbele?"

Nilimwambia ukweli. Kwa utaratibu wa Mathayo, akitusikia, akazirudisha fedha na kuliambia baraza alichofanya, hatasimama mbele ya usharika. Fedha ni za usharika, hesabu itasomwa wazi, lakini kupiga magoti pale mbele, hapana. Ndiyo maana ya kwenda peke yenu kwanza.

"Kwa hiyo yeye anafuatwa nyumbani."

"Ndiyo."

"Mimi sikufuatwa."

Nikamwambia hapana, wewe hukufuatwa. Nilifikiria kumwahidi kwamba tutamsimamisha na yeye ili iwe sawa, na nafsi yangu ilikuwa inataka sana kusema hivyo. Sikusema, kwa sababu sioni aibu ya mwenyekiti inamrudishia yeye kitu gani. Nilimwambia badala yake kwamba nimepeleka hoja barazani: mtu yeyote asiitwe mbele mpaka wawili watatu waseme kwa majina yao walimfuata lini na walimwambia nini, na usharika ule wa mkoa mwingine uandikiwe barua kuhusu mpiga kinanda wao. Hoja ya kwanza imeahirishwa. Ya pili imepita kwa kura moja.

Hakufurahi. Akaniuliza hiyo barua itaandikwa na nani, na kama anaweza kuisoma kabla haijatumwa.